Umeme Unaokatakata: Historia ya Kusaka Hitilafu katika Magari ya Spoti ya Uingereza

Katika magari ya spoti yaliyotengenezwa Uingereza kati ya 1945 na 1980, hitilafu iliyowachosha mafundi kuliko zote ni ile ya umeme inayokuja na kutoweka. Waya uliokatika kabisa hausumbui sana: taa haiwaki leo wala kesho, na fundi huufuata mkondo hadi pale unapoishia. Umeme unaokatakata una tabia nyingine. Injini huzima ikiwa mlimani, kisha huwaka yenyewe baada ya robo saa. Taa za mbele hufifia gari linapopita kwenye shimo. Geji ya mafuta hupanda na kushuka ilhali tangi halijaguswa. Gari likifikishwa gereji, kila kitu kinafanya kazi, na fundi hana cha kupima. Maarifa ya kuinasa hitilafu ya namna hii yalikusanyika polepole kwa miongo kadhaa, na hayaeleweki vizuri bila kujua umeme wa magari hayo ulifungwaje, na kwa nini ulifungwa hivyo.

Sehemu kubwa ya vifaa vya umeme huo ilitoka katika mji wa Birmingham. Joseph Lucas, aliyezaliwa 1834, alianza kwa kuuza mafuta ya taa mitaani kabla ya kugeukia utengenezaji wa taa zenyewe. Taa yake ya baiskeli iliyoitwa King of the Road ilitoka 1879 na kuijenga biashara yake. Karne ya 20 ilipoanza, kampuni ilihamia kwenye pikipiki na magari, na mwaka 1926 ikawameza washindani wawili wakubwa, Rotax na C.A.V. Baada ya Vita Kuu ya Pili, MG, Triumph, Austin-Healey na Jaguar zote zilitegemea dainamo, stata, distribyuta, swichi na taa za Lucas. Wamarekani, waliokuwa wateja wakubwa wa magari hayo, walimbandika Lucas jina la Mwana wa Mfalme wa Giza.

Lawama hiyo ilikuwa na ukweli, lakini ilipita kiasi. Viwanda vya magari ndivyo vilivyoamua idadi ya fyuzi, unene wa waya na mahali pa kupitisha maungio, na kila kiwanda kilibana matumizi. MGB ni mfano mzuri. Gari hilo lilianza kuunganishwa Abingdon mwaka 1962, likaendelea hadi 1980, na zaidi ya magari nusu milioni yalitoka. Matoleo ya kwanza yalikuwa na fyuzi mbili tu kwa gari zima, na saketi ya taa kubwa za mbele haikuwa na fyuzi hata moja. Kisanduku hicho cha fyuzi kilikuwa uamuzi wa kibiashara, na Lucas ilitengeneza ilichoagizwa.

Uamuzi mwingine wa kubana gharama ulikuwa mkubwa zaidi, ingawa ulifanywa na karibu viwanda vyote duniani: bodi ya gari ilitumika kama waya wa kurudishia mkondo. Taa ya nyuma hupelekewa waya mmoja tu. Mkondo hutoka betri, hupita kwenye swichi, huwasha balbu, kisha hurudi betri kupitia mabati ya gari. Njia hiyo ya kurudi, ambayo mafundi huiita ethi, hutegemea skrubu, nati na vishikizo vilivyofungwa kwenye bati. Kutu ikiingia kati ya kishikizo na bati, au rangi mpya ikipigwa juu yake, njia huwa nyembamba. Leo inapitisha, kesho baada ya mvua haipitishi. Magari ya spoti yalipata shida hii mara mbili, maana yalikuwa mafupi, yako karibu na maji ya barabarani, na paa la turubai halikuzuia maji yote. Mengi yalikuwa pia magari ya wikiendi, yakikaa miezi kadhaa bila kuwashwa, nayo metali isiyopitishwa mkondo wala kusuguliwa hujenga utando juu yake.

Ethi mbovu hutoa dalili za ajabu ambazo fundi mgeni huzitafutia sababu mahali pasipohusika. Dereva anakanyaga breki, na indiketa ya upande mmoja inamulika hafifu. Anawasha indiketa, na taa ndogo zinapepesa pamoja nayo. Kinachotokea ni rahisi: mkondo umenyimwa njia ya kurudi kwenye bati, basi unapita ndani ya balbu jirani kutafuta njia nyingine. Dalili kubwa kuliko hizo hutokea kwenye injini. Injini hukaa juu ya mipira inayozuia mtikisiko, na mipira haipitishi umeme, kwa hiyo lazima uwepo mkanda wa waya mnene unaounganisha injini na bodi. Injini iliyotolewa kwa matengenezo na kurudishwa bila mkanda huo bado inaweza kuwashwa, kwa kuwa mkondo wa stata hupita kwenye kebo ya choki au ya kuongezea mafuta. Kebo hiyo hupata moto hadi kutoa moshi, na kesi nyingi za kebo ya choki iliyokwama zimeanzia kwenye mkanda uliosahaulika.

Jambo lililoongeza mkanganyiko ni upande wa betri uliofungwa kwenye bodi. Katika miaka ya 1930 viwanda vya Uingereza vilihamia kwenye mpango wa kufunga upande chanya kwenye bodi, kwa hoja za kupunguza kutu kwenye vichwa vya betri na kuisaidia cheche ya plagi. Alteneta na transista zilipoingia, mpango huo ukaachwa. Jaguar E-type ilibadilika ilipopata injini ya lita 4.2 mwaka 1964, na MGB ikafuata mwishoni mwa 1967. Redio au kifaa cha elektroniki kilichofungwa kinyume huharibika mara moja, kwa hiyo tangu wakati huo swali la kwanza la fundi mbele ya gari la miaka ya 1960 limekuwa ni upande gani wa betri umeshikishwa kwenye bati.

Katika yote haya kulikuwa na jambo moja lililofanywa kwa ustadi mkubwa, nalo ni rangi za nyaya. Mpango wa rangi wa Uingereza ulikuwa na mantiki ambayo fundi akiishika, anaweza kulisoma gari ambalo hajawahi kuliona. Kahawia ni umeme unaotoka betri moja kwa moja, usiozimwa na swichi yoyote. Nyeupe ni umeme unaopatikana ufunguo ukifunguliwa. Kijani ni umeme huohuo wa nyeupe baada ya kupita kwenye fyuzi, na zambarau ni ule wa kahawia baada ya kupita kwenye fyuzi. Nyekundu ni taa ndogo, buluu ni taa kubwa, na nyeusi daima ni ethi. Mstari mwembamba wa rangi ya pili hueleza tawi: kijani chenye mstari mwekundu ni indiketa ya kushoto, kijani chenye mstari mweupe ni ya kulia, kijani chenye mstari wa zambarau ni taa ya breki. Kwa hiyo vifaa vyote vya kijani vikizima kwa pamoja, fundi hana haja ya kuvifungua kimoja kimoja. Anakwenda kwenye fyuzi inayovilisha vyote, na mara nyingi anakuta fyuzi nzima iliyokaa kwenye meno yaliyolegea au kupata utando wa kijani.

Kilichovuruga mpango huo ni mikono ya watu. Miaka 30 ya wamiliki tofauti, kila mmoja akiongeza redio, taa za ukungu au kengele ya wizi, iliacha nyaya nyekundu zikibeba kazi za kahawia na nyaya nyeusi zikibeba umeme hai. Nyaya za zamani zaidi zilihamiwa kwa mpira na kusukiwa uzi wa pamba kwa nje. Mpira ulikauka na kupasuka, rangi za uzi zikafifia zote zikawa za vumbi. Plastiki iliyochukua nafasi yake ilidumu zaidi, lakini haikuponya maungio.

Maungio ndiyo kiini cha suala zima. Waya ulipohitaji kuunganishwa na mwenzake, kila ncha ilivikwa kichwa kidogo cha shaba chenye umbo la risasi, na vichwa viwili vikasukumwa ndani ya mrija wa metali uliofunikwa mpira. Kiwandani kazi hiyo ilikwenda haraka, na maungio mapya yalipitisha umeme vizuri. Baada ya miaka 15 mrija ulikuwa umelegea na maji yameingia chini ya mpira. Hesabu inaonyesha madhara yake. Taa mbili za wati 45 kila moja, kwa volti 12, huvuta ampea 7.5. Maungio yaliyopata ukinzani wa omu 0.2 tu hula karibu volti 1.5, na kugeuza takriban wati 11 kuwa joto. Joto hilo hulegeza mrija zaidi, ukinzani huongezeka, na duara linaendelea. Mtikisiko wa barabara husogeza kichwa cha shaba kwa sehemu ndogo ya milimita, ukakata na kurudisha mkondo. Ndivyo hitilafu inavyokuja na kutoweka: metali mbili zinagusana, lakini hazijashikana.

Mfumo wa kuwasha injini ulikuwa na maficho yake. Mpango wa betri, koili na platini ulitoka Marekani, kwa kazi ya Charles Kettering iliyofungwa kwenye Cadillac mwaka 1910, na magari mengi ya spoti ya Uingereza yaliutumia hadi miaka ya 1970. Katika injini ya silinda nne inayozunguka mara 6,000 kwa dakika, platini hufunguka na kufungwa mara 200 kila sekunde. Ndani ya distribyuta yenye platini hizo kuna bamba linalozungushwa kidogo na mvuto wa hewa ya injini ili cheche iwahi au ichelewe. Waya mfupi laini unaopeleka umeme kwenye platini hupindwa kila bamba linaposogea. Baada ya miaka mingi, nyuzi za shaba hukatika ndani ya kihami mmoja baada ya mwingine, na kwa nje waya unaonekana mzima. Injini inaunguruma vizuri ikiwa imesimama; dereva akikanyaga mafuta, bamba linasogea, ncha zinaachana, injini inajikwaa. Dalili hiyo inafanana mno na kukosa petroli, na ni kabureta ngapi zilizofunguliwa na kusafishwa bure kwa sababu ya waya wenye urefu wa kidole.

Koili nayo ilikuwa na mtindo wake. Waya mwembamba uliozungushwa ndani yake unaweza kuachana ukipata joto na kugusana ukipoa. Gari hutembea nusu saa, huzima, hukaa kando ya barabara hadi lipoe, kisha huwaka kana kwamba halikuwa na tatizo. Kondensa iliyochoka hufanya hivyohivyo. Matoleo ya baadaye ya MGB yaliongezewa waya wa ukinzani kwenye njia ya koili, ambao hurukwa wakati stata inazunguka. Ukikatika, injini huwaka ufunguo ukiwa umeshikiliwa na kuzima papo hapo ukiachiliwa. Fundi anayeijua dalili hiyo hana haja ya kufungua kitu kingine.

Kifaa kilichowasaidia mafundi kutenganisha umeme na petroli kilikuwa mbele ya macho ya dereva muda wote. Kuanzia miaka ya 1960, geji ya mizunguko ya injini katika magari mengi ya spoti ilipata habari zake kutoka kwenye saketi ya koili. Injini ikikata gari likiwa bado linakwenda na gia imeingia, mshale ukaanguka ghafla hadi sifuri, basi umeme wa koili umekatika. Mshale ukishuka taratibu pamoja na mwendo wa gari, saketi hiyo ni nzima na kosa litafutwe kwenye petroli au upande wa plagi. Uchunguzi huo haugharimu chochote, na dereva aliyeelekezwa kuutazama anaweza kumwokolea fundi siku nzima.

Pampu ya petroli ya SU pia iliendeshwa kwa umeme, ikiwa na platini zake ndogo zinazogonga kwa mlio unaosikika kabla ya injini kuwashwa. Platini hizo zikiungua, pampu husimama katika nafasi moja na kuanza tena ikigongwa. Madereva wengi walijifunza kugonga, na wachache wakajifunza kuzibadilisha. Geji za mafuta na joto zilikuwa na mwenendo mwingine. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960 zililishwa na kifaa kidogo kinachokata na kurudisha umeme ili wastani wake uwe volti 10. Geji zote mbili zikikosea kwa pamoja, kosa liko kwenye kifaa hicho au ethi yake; ikikosea moja, kosa liko kwenye geji hiyo, waya wake au kipimo kilichomo kwenye tangi au injini.

Tabia nyingine zilionekana kama hitilafu ilhali zilikuwa kawaida ya kifaa. Dainamo ya Lucas aina ya C40 ilitoa ampea 22 kwa upeo wake, na injini ikizunguka polepole haikutoa karibu chochote. Taa kufifia kwenye makutano ya barabara na taa nyekundu ya chaji kupepesa havikuwa ugonjwa. Alteneta ya 16AC iliyofuata ilitoa ampea 34 na kuchaji hata injini ikiwa polepole, hivyo malalamiko hayo yakapungua.

Vyombo vya kupimia vilibadilika pamoja na magari. Cha kwanza na cha bei ndogo ni testa: balbu yenye waya mmoja unaobanwa kwenye bati na mwingine wenye ncha kali. Mwaka 1923 ilianza kuuzwa mita ya AVO, iliyobuniwa na Donald Macadie, mhandisi wa Posta ya Uingereza, aliyechoka kubeba vyombo vitatu tofauti vya kupima volti, ampea na ukinzani. AVO 8, iliyotoka 1951, ilikaa kwenye meza za mafundi kwa zaidi ya nusu karne. Mita za mkononi zenye tarakimu zilienea kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, zikaleta usahihi mkubwa pamoja na mtego wake. Mita ya tarakimu huvuta mkondo mdogo mno. Ikiguswa kwenye waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba, huonyesha volti 12 kamili, na fundi huamini kuwa waya ni mzima. Balbu ya testa, inayovuta mkondo wa kweli, hufifia palepale na kuufichua uongo huo.

Njia ya kuutumia usahihi wa mita bila kudanganyika ni kupima volti zinazopotea njiani kifaa kikiwa kinafanya kazi. Taa inawashwa. Ncha moja ya mita inawekwa kwenye kichwa chanya cha betri, nyingine kwenye mdomo wa balbu unaopokea umeme. Kinachosomeka ni volti zilizoliwa na njia nzima. Kisha inapimwa njia ya kurudi, kutoka ganda la balbu hadi kichwa hasi. Hasara ya nusu volti upande wowote ni kubwa, na kwa kusogeza ncha ungio moja baada ya jingine, fundi hufika mahali ambapo tarakimu inaruka. Hapo ndipo penye ugonjwa. Kwa njia hii ungio bovu linapatikana hata siku ambayo halijakata, kwa kuwa ungio linalokatakata karibu kila mara huwa limeanza kula volti kabla ya kukata.

Lisipopatikana hivyo, hitilafu hulazimishwa kujitokeza. Nyaya hutikiswa sehemu kwa sehemu injini ikiwa inaunguruma. Koili hupashwa hewa ya moto, na maji hunyunyizwa kwenye nyaya za plagi gizani, ambako cheche inayotoroka huonekana. Mbinu bora zaidi ni ya kungoja: balbu ndogo huunganishwa kwenye njia ya koili na kuwekwa juu ya dashibodi, kisha gari likaendeshwa kama kawaida. Injini ikikata na balbu ikaendelea kuwaka, njia kutoka betri hadi hapo ni nzima. Ikizima pamoja na injini, kosa liko nyuma yake, na balbu huhamishwa hatua moja kuelekea betri. Safari tatu au nne hutosha kuubana mkondo kwenye kipande kifupi cha waya.

Maarifa haya yalibaki gerejini kwa muda mrefu. Vitabu vya viwanda viliandikwa kwa ajili ya mafundi waliosomea, na mwenye gari aliishia kukisia. John Haynes, ofisa wa jeshi la anga la Uingereza, alipokuwa Aden alimsaidia mwenzake kulifumua na kuliunda upya gari la Austin-Healey Sprite, akapiga picha kila hatua. Kitabu kilichotokana na kazi hiyo kilitoka 1966 na kuanzisha mfululizo mrefu wa vitabu vya matengenezo, vyenye michoro ya nyaya pamoja na orodha za dalili. Mwenye gari wa kawaida alipata uwezo wa kufuata waya wa kijani kutoka fyuzi hadi balbu, hata kama hakuwahi kuingia darasa la ufundi.

Magari ya spoti ya Kijapani hayakuepuka shida hizi. Datsun 240Z, lililoshinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1971 na 1973, lilipitisha mkondo wote wa taa za mbele kwenye swichi ya usukani bila rilei, na magari yaliyozeeka yalijulikana kwa visanduku vya fyuzi vilivyoyeyuka. Mashindano ya Safari, yaliyoanza 1953 na kwa miaka mingi kufanyika wakati wa Pasaka, yaliweka mtikisiko, vumbi na tope la masika pamoja. Magari ya enzi hiyo hukimbizwa tena katika Safari Classic tangu 2003, na mafundi wake hufunga rilei, huongeza nyaya za ethi za ziada na kuondoa kila ungio lisilo la lazima. Marekebisho hayohayo huyafaa magari ya mtaani. Rilei iliyofungwa karibu na taa huiachia swichi ya zamani mkondo mdogo tu wa kuamrisha, na taa hupata umeme wake kwa njia fupi na nene.

Elektroniki ilihamisha hitilafu badala ya kuimaliza. Jaguar ilipoleta injini ya V12 mwaka 1971, iliipa mfumo wa Opus wa Lucas usio na platini. Kipaza umeme chake kiliathiriwa na joto la injini, na wenye magari wengi walikihamishia mahali penye hewa. Vifaa vidogo vya kuchukua nafasi ya platini ndani ya distribyuta ya zamani vimeenea sana tangu hapo. Hufanya kazi vizuri, lakini vikifa havitoi onyo, wala haviwezi kusafishwa kwa msasa kando ya barabara.

Vipuri vipya vimeleta tatizo lingine. Nyaya kamili za MGB, Triumph na E-type bado zinatengenezwa kwa rangi zilezile, nyingine zikiwa zimesukiwa uzi kwa nje na plastiki ndani, na ubora wake mara nyingi ni mzuri kuliko wa awali. Kondensa na rota za distribyuta hazijawa na bahati hiyo. Baadhi ya rota zilitengenezwa na ribiti ndefu inayoruhusu cheche kupenya hadi kwenye mhimili wa chuma, na kondensa mpya zimekufa baada ya kilomita chache. Mafundi waangalifu hukipima kipuri kipya kama wanavyokipima cha zamani, hubadilisha kimoja kwa wakati ili wajue kipi kimeleta nafuu, na huhifadhi kwenye buti platini, kondensa na rota za zamani zilizotolewa zikiwa bado zinafanya kazi.